Beetle 1968: sili ya gurudumu la nyuma nimebadilisha mara 3 na bado inavuja. Nakosea wapi?

#1 Mrithi_wa_Kobe
Wakuu, habari za jioni.

Nina Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1968 aliyoniachia mzee. Ilikaa chini ya mwembe nyumbani Morogoro miaka mingi, kuku wakatagia kwenye kiti cha nyuma. Tangu mwaka jana naifufua kidogo kidogo. Injini inawaka asubuhi bila kusukumwa, breki nimezijenga upya zote, na sakafu chini ya betri, ambako tindikali ilikuwa imeila mpaka unaona ardhi, imechomelewa bati jipya.

Kinachonishinda ni kitu kidogo kuliko vyote. Gurudumu la nyuma kulia linavuja oili ya gia. Nimeshafunga sili mpya (raba ya kuzuia oili isitoke) mara tatu. Kila mara nafurahi siku mbili, nikishatembea kama kilomita 40 naona michirizi myeusi ndani ya tairi na breki inavutia upande mmoja. Breki shuu nimeshaharibu seti mbili.

Pakiti ya spea ilikuwa na sili, oringi (pete ya mpira) kubwa, oringi ndogo, gasketi ya karatasi na spilti pini ya kuzuia nati isifunguke. Vyote nimeweka. Ile pete ya chuma inayokaa kwenye ekseli nimerudisha ya zamani kwa sababu kwenye pakiti haikuwemo, na niliiona nzima.

Nakosea wapi? Gari ni kwa ajili ya harusi ya dada yangu, mzee alimwahidi ataolewa akiwa ndani yake.

#2 Kijana_wa_Spana
Ngoja waje wataalamu. Naweka kigoda hapa, na mimi ninayo moja ya 1971 imekaa tu.

#3 FundiTona
Mkuu, pole. Kabla hujanunua sili ya nne nijibu jambo moja. Hiyo pete uliyoiona nzima, uliipitisha ukucha?

Sili haigusi ekseli wala dramu (ngoma ya breki). Mdomo wake unasugua juu ya hiyo pete. Gari likitembea miaka 20 na vumbi la Morogoro, mdomo wa mpira unachonga mfereji kwenye chuma. Watu hawaamini kwamba mpira unakata chuma, lakini vumbi linanasa kwenye mdomo na kugeuka msasa. Jicho linaona mstari unaong'aa tu. Ukucha ndio unaojua. Ukipita ukakwama, hiyo pete imekwisha, na sili mpya ukiifunga mara mia itakaa kwenye mfereji uleule.

#4 Grogan_Boy
Salamu kutoka Nairobi. Mimi naona mnapita mbali. Hizi sili za siku hizi ni feki. Nilinunua moja kwenye duka la Kirinyaga Road, ukiibonyeza mdomo na kidole haurudi. Kaspringi kale ka ndani kalikuwa kamelegea kama uzi. Nikarudisha, nikaletewa ya pakiti ingine, bei mara tatu, na mpaka leo hub yangu (kitovu cha gurudumu) ni kavu. Na pete sikubadilisha.

#5 Mrithi_wa_Kobe
FundiTona, nimetoka gereji sasa hivi na tochi. Ukucha unakwama. Unakwama mara mbili! Kuna mistari miwili, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili wa pete, kama milimita 4 kutoka ukingo.

Mara ya pili nilipofunga, fundi mmoja aliniambia niigeuze pete ili mdomo wa sili ukae mahali papya. Nikageuza. Sasa nimekuta pia ile oringi ndogo imekatwa. Haijachakaa, imekatwa kama imeng'atwa, kipande cha mwezi mchanga kimetoka.

#6 FundiTona
Basi hapo umejieleza mwenyewe.

Chukua hiyo pete uitazame kwa ndani, kwenye tundu lake. Upande mmoja ukingo umechongwa mshazari, upande wa pili ni mkali. Ule mshazari ni nyumba ya oringi ndogo. Unatakiwa utazame ndani, kwenye beringi. Pete inapokazwa na nati ya dramu, oringi inajikunja ndani ya ule mshazari, inabana ekseli na pete kwa pamoja, oili haiwezi kupita katikati. Ukigeuza pete, oringi inakutana na ukingo mkali, nati ikikazwa inaikata kama kisu. Ndiyo hiyo ming'ato unayoiona.

Kwa hiyo mara ya kwanza oili ilipita juu ya pete, kwenye mfereji. Mara ya pili ikapita chini ya pete, kwenye oringi iliyokatika. Ukiangalia kwa nje ni uvujaji mmoja.

#7 MamaLandy
FundiTona umenikumbusha mbali. Land Rover za Series nazo zina tabia hiyohiyo, sili ya hub inasugua juu ya pete iliyovikwa kwenye ekseli, na kila mtu anabadilisha sili anaiacha pete. Land Rover 109 ya baba yangu ilikula sili nne Iringa kabla mzee mmoja wa gereji hajampa pete mpya.

Ila mimi sikubaliani kwamba ni lazima pete mpya. Yule mzee alikuwa na njia nyingine: anaipiga sili kidogo zaidi ndani, au anaiacha milimita 2 nje, mdomo unakanyaga sehemu safi.

#8 FundiTona
MamaLandy, kwa Landy sibishi. Kwa Beetle kile kifuniko kina kina chake, na sili inatakiwa ikae sawa pande zote. Ukiiacha nje milimita 2 inabidi uwe na mkono wa dhahabu isikae mshazari. Mimi mtu akiniletea pete naipeleka kwenye mashine naisafisha, lakini nikitoa chuma nyingi mdomo wa sili unalegea. Mfereji wa kina cha unywele sawa. Wa kukwamisha ukucha, nunua mpya.

#9 Bahari_ya_Mkunazini
Assalaam alaykum nyote. Mie nipo Unguja, nina kobe, yaani Beetle, mbili.

Naona mwazungumza pete na mpira tu, hakuna aliyeuliza tundu la kupumulia la giaboksi. Oili ikipata moto, hewa ya ndani yatanuka. Kama tundu limezibwa na uchafu wa miaka mingi chini ya mwembe, hewa hiyo itatokea wapi? Itasukuma oili kwenye mdomo ulio dhaifu kuliko yote, nao ni wa gurudumu. Mie yangu ilikuwa ikivuja kulia, nikabadili kila kitu, ikavuja. Nikapiga mbizi chini kwa waya na petroli, nikalizibua tundu. Siku ya pili kavu. Sili ileile, pete ileile.

#10 Grogan_Boy
@Bahari hiyo sasa ni point. Lakini kwa nini upande mmoja tu? Tundu ni moja, magurudumu ni mawili.

#11 Bahari_ya_Mkunazini
Kwa sababu sili mbili hazichoki siku moja, ndugu yangu. Maji nayo hupita penye ufa.

#12 Kijana_wa_Spana
Samahani kuuliza, nati ya kulia na ya kushoto zinafunguka upande mmoja? Niliambiwa ya kushoto ina nyuzi za kinyume, niliogopa nikaiacha.

#13 FundiTona
Za nyuma zote mbili ni za kawaida, soketi ya 36. Yenye nyuzi za kinyume ni ya mbele kushoto. Umechanganyiwa habari.

#14 Tanga_Line
Mimi nina swali lingine kwa mleta uzi: una uhakika hiyo ni oili ya gia? Mimi nilihangaika miezi miwili kumbe ni maji ya breki yanatoka kwenye silinda ndogo ya gurudumu. Umesema breki umezijenga upya. Kama zile raba za ndani uliweka kavu, au silinda ina vidonda vya kutu, itavuja tu.

Nusa. Oili ya gia inanuka kama yai bovu na inateleza ukiisugua vidoleni. Maji ya breki hayana harufu hiyo, na yakigusa rangi ya gari yanaibambua.

#15 Mrithi_wa_Kobe
Nimenusa, Tanga_Line. Yai bovu kabisa. Mke wangu amenikataza kuingia na ile suruali ndani.

#16 Mzee_wa_404
Nimesoma yote. Peugeot 404 yangu ya 1967 haina habari hizo. Ndiyo maana Safari Rally 1966, 1967 na 1968 zote tatu mfululizo zilichukuliwa na 404. Kobe wenu walikuwa wapi?

#17 Tanga_Line
Walikuwa wameshashinda kabla yenu, mzee wangu. 1954, 1957, na 1962 Tommy Fjastad na Beetle 1200. Halafu hata historia ya 404 hujaimaliza, umeisahau 1963, madereva Nowicki na Cliff.

#18 Mzee_wa_404
Sijaisahau, nilikuwa nawahurumia. 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na 1968 tena 7 tu, na mara zote mbili mbele yao ni Nowicki na Cliff wakiwa ndani ya 404. Na zile mbili za katikati, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, mtu wa hapahapa Dar es Salaam, na Chris Rothwell. Gari lililopita matope ya miaka ile haliwezi kushindwa na pete.

#19 MamaLandy
Wazee, harusi inakaribia. Turudi kwenye gurudumu.

#20 Dodoma_Kavu
Naomba kuongeza jambo ambalo halijaguswa. Kile kifuniko cha beringi chenye bolti nne kina tundu dogo la kumwagia oili. Oili ikipita sili inapokelewa na ile sahani ndogo ya kurushia, inashuka kwenye tundu na kutoka nyuma, nje ya breki. Waliolitengeneza gari hili walijua siku moja sili itachoka, wakaweka mfereji ili breki zisilowe.

Kifuniko unaweza kukifunga tundu likitazama juu, hakuna kitakachokuzuia, bolti zinaingia vilevile. Tundu lazima litazame chini. Na msipake silikoni nyingi. Nimefungua gari moja hapa nimekuta silikoni ya bluu imejaa ndani ya tundu kama dawa ya meno. Mwenye gari alilalamika breki zinalowa, kumbe alilifunga tundu mwenyewe.

Mleta uzi, wewe ulisema breki shuu zimelowa. Hiyo inaniambia tundu lako ama liko juu ama limezibwa. Sili hata ingekuwa mbovu, breki zisingelowa haraka hivyo.

#21 Mrithi_wa_Kobe
Dodoma_Kavu, niliweka silikoni. Nyingi. Fundi alisema "weka ya kutosha ulale usingizi". Tundu sikulijua kabisa.

#22 FundiTona
Gasketi ya karatasi inatosha, ukiipaka mafuta kidogo pande zote. Silikoni kwenye gari hili haina kazi mahali pale.

#23 Grogan_Boy
Hapo kwa silikoni nakataa. Kama sahani ya breki imepinda kidogo kwa kupigwa nyundo miaka 50, karatasi pekee haizibi. Mimi huweka utando mwembamba kama jasho, na sijawahi kuziba tundu. Shida ni kiasi.

#24 Mwanza_Rock_Garage
Wakuu, hoja yangu ni beringi. Beringi ikiwa na mchezo, ekseli inacheza, pete inacheza nayo, na hakuna sili inayoweza kufuata kitu kinachocheza. Mwambieni anyanyue gurudumu, alishike juu na chini, atikise. Na kama anabadilisha, aweke beringi yenye kava za mpira pande zote mbili. Oili haifiki hata kwenye sili. Nimefunga hivyo magari matatu.

#25 FundiTona
Mwanza, hiyo ya kutikisa nakuunga mkono. Ya kava sikubali. Beringi ile inakunywa oili ya giaboksi inayokuja na bomba la ekseli. Ukiiweka kava unaifungia na grisi kijiko kimoja aliyoweka mtengenezaji. Siku grisi inakauka utasikia mlio kama jeti.

#26 Mwanza_Rock_Garage
Magari matatu, mwaka wa nne huu, hakuna mlio. Beringi za mashine za kusaga zina kava na zinazunguka kutwa.

#27 Dodoma_Kavu
Mashine ya kusaga haipigi mashimo, ndugu. Njia ya katikati ipo: toa kava ya upande wa ndani, acha ya nje. Oili inaingia, na ya nje inapunguza msukumo kwenye sili. Sijui nani ataniunga mkono.

#28 MamaLandy
Mimi sikuungi, maana kava ikianza kuliwa vipande vya mpira vinaelea kwenye giaboksi. Tuendelee.

#29 Mrithi_wa_Kobe
Nimetikisa. Mchezo upo kidogo sana, hata sina uhakika kama ni gurudumu au jeki.

Nati je? Mimi nimekaza na spana ya 36 na bomba la urefu wa mkono mpaka nikasikia imekataa. Inatosha?

#30 FundiTona
Haitoshi, na hapo ndipo nilipotaka tufike.

Nati ya dramu inatakiwa nguvu ya mkg 30, vitabu vipya vinaandika Nm 294. Ndiyo inayobana vitu vyote kwa mstari: dramu inasukuma pete, pete inasukuma oringi na beringi. Ikilegea hata kidogo, pete inazunguka peke yake juu ya ekseli, oringi inasagika, na meno ya dramu yanaliwa na meno ya ekseli. Nimeona dramu ambayo meno yake yamebaki kama sahani. Mwenye gari alitia gia, injini ikalia, gari halikwenda.

#31 Kijana_wa_Spana
Toki renchi (spana ya kupimia nguvu ya kukaza) ya kufika 294 hapa mtaani hakuna, mkuu. Tunafanyaje?

#32 Tanga_Line
Uzito wako kilo ngapi?

#33 Kijana_wa_Spana
75.

#34 Tanga_Line
Safi sana, wewe mwenyewe ni toki renchi. Mkg 30 maana yake kilo 30 kwenye mkono wa mita 1. Kilo 75 kwenye mkono wa mita 0.4 inatoa 30 ileile. Weka bomba kwenye mpini wa soketi, pima sentimita 40 kutoka katikati ya nati, chora mstari kwa chaki. Panda simama hapo kwa mguu mmoja, mwili wote juu ya mstari. Nati ikisimama na wewe umesimama, umefika.

Mtu wa kilo 90 achore sentimita 33. Wa kilo 60, sentimita 50.

#35 Dodoma_Kavu
Ongeza: bomba liwe limelala sawa na ardhi, likiinama hesabu inapungua. Usiruke. Ukiruka hujui tena umeweka kilo ngapi. Shika ukuta au bodi kwa kidole tu ili usianguke, ukiegemea unaondoa uzito. Gari liwe chini limesimama kwa magurudumu, hendibreki juu, mawe kwenye matairi. Kamwe usifanye hivi likiwa juu ya jeki.

#36 Grogan_Boy
Kweli kabisa. Na tundu la spilti pini lisipolingana, unakaza mbele mpaka tundu linalofuata. Hurudishi nyuma. Hapa nimeona mafundi wazuri wanalegeza robo ili pini iingie, halafu wanashangaa dramu imeliwa. Na pini iwe mpya, si msumari.

#37 Mrithi_wa_Kobe
Grogan, msumari. Nimekuta msumari upande wa kushoto. Aliyeuweka ni nani, mzee hayupo nimuulize.

#38 Bahari_ya_Mkunazini
Allah amrehemu. Mzee wako aliendesha na msumari na alifika, lakini wewe utoe.

Na oili uliijazaje? Kizibo cha kujazia kipo ubavu wa kushoto wa giaboksi. Ukiwa umenyanyua kushoto kwa jeki halafu ukajaza mpaka imwagike, umezidisha, kwani gari likishuka chini oili huwa juu ya tundu. Yatakiwa lita 2.5 za oili ya gia namba 90, gari likiwa sawa chini.

#39 Mrithi_wa_Kobe
Nilinyanyua kushoto. Niliingiza karibu lita 3 na nusu.

#40 Dodoma_Kavu
Haya sasa. Lita 3 huingia giaboksi likiwa jipya kavu kabisa, 2.5 wakati wa kubadilisha. Lita 3 na nusu ni mafuriko. Na wengine wanakosea kinyume, wanamimina haraka, oili inamwagika tunduni, wanafunga wakidhani imejaa. Oili inachukua muda kuingia kwenye mabomba ya ekseli. Mimina, subiri, mimina tena.

#41 Mwanza_Rock_Garage
Kwa hiyo sasa mna pete, oringi, tundu la kifuniko, silikoni, nati, tundu la hewa na oili iliyozidi. Kila mmoja ana mgonjwa wake. Mimi nasimama na beringi yangu.

#42 Kijana_wa_Spana
Zile buti za raba za ekseli nazo? Yangu imepasuka kwenye mshono.

#43 FundiTona
Zile za mshono wenye skrubu: mshono usitazame chini, ulale ubavuni. Skrubu kaza gari likiwa limekanyaga chini. Ukikaza ekseli zikiwa zimening'inia, likishuka buti inajivuta na mshono unapasuka. Usikaze sana, raba ikianza kufura pembeni ya skrubu umeshapita. Tosha hapo, tusimchanganye mwenye uzi.

#44 Mrithi_wa_Kobe
Wakuu, mrejesho. Pete mpya nimeipata kwa mtu wa Gerezani, imekuja na oringi zake. Jumamosi nilifanya hivi:

Nilishusha oili yote. Lita 3.4 kwenye madumu. Bahari, pokea heshima zako.

Kifuniko nilikitoa. Tundu lilikuwa limetazama saa tisa, yaani pembeni, na ndani silikoni tupu. Niliikwangua na kijiti cha mshikaki. Dodoma, pokea zako.

Pete mpya nimeiweka mshazari ndani. Niliiloweka oringi ndogo kwenye oili, nikaisukuma kwa vidole mpaka nikahisi imekaa, halafu pete ikaikuta. Mara ile ya kwanza nilikuwa naipiga pete na nyundo. Safari hii iliingia kwa kiganja tu, ikatoa mlio mdogo kama unapofunga kifuniko cha sufuria.

Sili nilipaka oili mdomoni, kaspringi kametazama ndani kwenye oili, nikaigonga taratibu kwa kipande cha bomba la maji chenye upana wake. Nati: mimi ni kilo 82, nimechora sentimita 36.5. Nilisimama. Ikasogea kidogo, ikatulia. Tundu la pini halikulingana, nikaongeza mbele. Pini mpya. Tundu la hewa nimelizibua kwa waya.

Nimekwenda Mikese na kurudi, halafu Mvomero na kurudi. Kulia ni kavu. Nimepitisha karatasi nyeupe ndani ya tairi, imetoka na vumbi tu.

#45 Kijana_wa_Spana
Hongera mkuu! Uzi huu nauhifadhi.

#46 Bahari_ya_Mkunazini
Mashallah. Nilisema mie, tundu la hewa.

#47 FundiTona
Tundu la hewa wapi? Pete na oringi.

#48 Dodoma_Kavu
Na lita 3.4?

#49 Grogan_Boy
Na sili? Hii ya mwisho ulinunua wapi, ni ya pakiti gani?

#50 Mrithi_wa_Kobe
Ilikuja na pete, wa Gerezani alisema imetoka Brazil.

#51 Grogan_Boy
Basi imekwisha, sili ni nzuri. Brazil walitengeneza hizi gari mpaka 1996, wanajua mpira wa kobe.

#52 Tanga_Line
Na Mexico walifika mbali zaidi, gari la mwisho lilitoka Puebla tarehe 30 Julai 2003, namba 21,529,464. Spea hazitaisha leo. Lakini mleta uzi umetuharibia mtihani. Umebadilisha vitu saba kwa mpigo, sasa hakuna atakayejua ni kipi.

#53 Mwanza_Rock_Garage
Na beringi hukuigusa. Tuonane baada ya kilomita 1,000.

#54 Mrithi_wa_Kobe
Tanga_Line, ningejua kama mnashindana ningefanya kimoja kimoja. Nilikuwa nashindana na tarehe ya harusi.

Lakini kuna jambo. Jana jioni nimeona unyevu gurudumu la kushoto. Kidogo, kama jasho kwenye sahani ya breki. Upande ule sikuugusa, nilitoa msumari tu na kuweka pini.

#55 FundiTona
Ulipotoa msumari, nati uliikaza upya?

#56 Mrithi_wa_Kobe
Nilisimama juu ya mstari uleule. Ilizunguka kama robo kabla haijatulia.

#57 FundiTona
Basi ilikuwa imelegea miaka yote, na pete imekuwa ikizunguka. Oringi ya mzee ilishakauka kwenye umbo lake, umeibana upya, imepasuka. Fungua.

#58 Bahari_ya_Mkunazini
Hapa nakubali nusu. Tundu limeshazibuliwa na oili ni lita 2.5, basi hewa na mafuriko si sababu ya kushoto. Ila yaweza kuwa ni oili ya zamani iliyokuwa imejificha ndani ya kifuniko yashuka sasa. Futa, tembea siku tatu, tazama tena kabla hujafungua.

#59 MamaLandy
Harusi lini?

#60 Mrithi_wa_Kobe
Wiki mbili kutoka Jumamosi hii. Nimefuta na kuweka karatasi nyeupe kwa gundi chini ya sahani ya breki. Nitaitazama kila asubuhi.

Kama italowa nafungua kushoto Jumamosi, na safari hii naanza na pete peke yake. Sili ya zamani naiacha kwa makusudi, ili FundiTona na Grogan mpate jibu.

#61 Grogan_Boy
Sili ya miaka 50? Hapana ndugu, usitufanyie hivyo, dada yako anaingia ndani ya hilo gari.

#62 FundiTona
Kwa hilo naungana na Grogan. Weka vyote vipya. Ila pete mbili za zamani usizitupe, nitumie kwa basi la Dar. Nataka kuzipima mfereji kwa venia (kifaa cha kupimia vitu vidogo), niwawekee picha hapa.